Usingizi wa Mwalimu Mselem

Mdogo wangu Mselem alisomesha miaka kumi na saba, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akisema amechoka. Alipokuja kulisema neno hilo nilimcheka. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu watu wa hapa Nguvumali wakiihadithia habari hii huanzia kwenye saa ya msikiti. Wao wana lao. Mimi dada yake ndiye niliyekuwa naye nyumba moja, na nasema haikuanzia kwenye saa.

Jina langu Semeni. Mama yetu alipofariki Mselem ana miaka minne na mimi kumi na mmoja, nikamlea. Nilimwogesha, nikamlisha, nikimwambia moto unaunguza anaamini, nikimwambia bahari ina wenyewe anaamini. Baba alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, hakai nyumbani, basi mtoto alikuwa wangu. Akasoma, akawa mwalimu. Serikali ikampeleka Pangani, huko akamwoa Shamsiya, binti wa nyumba ya Waarabu. Kisha ikampandisha milimani upande wa Amani, akasomesha huko miaka mitano katika ukungu, akarudi na kikohozi. Mwaka hamsini na moja wakamleta skuli ya mjini, akaja kukaa kwangu na mkewe na binti yao Harusi. Mimi mjane, nyumba kubwa, nikafurahi.

Asubuhi alikuwa na watoto sitini na wawili darasani. Mchana wanaingia wengine hamsini na kitu, mwalimu ni yuleyule. Akirudi ana madaftari kwapani, na barazani watu wanamngoja. Huyu ana barua ya mwanawe kutoka Unguja, asomewe. Yule ana kesi ya mnazi, aandikiwe. Mwingine anataka kupeleka salamu mjini, basi si Mwalimu anapita kila siku? Mwalimu niletee hiki, Mwalimu mwambie fulani kile. Na yeye hajui kusema sitaki. Wala msidhani najitoa, mimi nilikuwa wa mbele. Siku moja nilimtuma dawa ya kuku, uzi mweusi na habari ya kumpa shangazi, vyote kwa pamoja, akarudi na uzi. Nikamgombeza.

Ulipofika mwaka hamsini na tano mambo yalikuwa yameharibika, ila mwenye macho hakuwapo. Ulikuwa mwaka wa mkaguzi, tena ule mtihani wa darasa la nne ambao katika watoto sitini wanachukuliwa wanane, na wazazi wa wale wengine wote huja kumuuliza Mwalimu mwanangu kakosa nini. Mselem akawa anatia chumvi kwenye chai na kuinywa. Jumapili moja alivaa viatu akatembea mpaka skuli, akakuta mlango umefungwa, akarudi bila ya kusema kitu. Binti yake akamwita kwa jina la mwanafunzi. Shamsiya alinifuata jikoni.

"Wifi, mume wangu halali. Usiku kucha yuko macho, anatazama dari."

"Na msomi alale saa ngapi?" nikamjibu. "Ndiyo kazi yake."

Hilo nalo ni langu, nalikiri.

Sasa saa. Ilikuwa saa ya ukutani, ya mbao, yenye kugonga. Mgiriki alimpa baba alipokuwa akifunga nyumba kurudi kwao, na baba akaiweka wakfu msikitini kwetu. Kwa hiyo kila ilipogonga mimi nilimsikia baba. Mfungo mosi ule, baada ya Idi, mwadhini wetu Mzee Zubeiri aliondoka kwenda kuhiji. Tulimsomea maulidi usiku wa kuamkia safari, na alfajiri akaadhini kwa mara ya mwisho, akapanda basi la Mombasa kuwahi meli. Adhuhuri watu wanaingia msikitini, ukuta mtupu. Umebaki msumari.

Pakachafuka! Mzee Zubeiri hakuna aliyemfikiria. Nani amshuku mtu aliyefunga safari ya Makka? Wakasema mwizi ameingia baada yake. Wakaulizana wiki nzima, hakuna aliyeona. Nilimwambia Mselem, "Saa ya baba imeibiwa." Alikuwa anasahihisha madaftari. Akainua kichwa, akaniuliza, "Saa gani?" akainama tena. Nikaona hana habari na wakfu wa babake, nikakasirika nikatoka.

Nikavaa buibui langu nikaenda kwa Shekhe Idarusi, imamu wetu. Nikamwambia nataka isomwe halbadiri.

Kama kuna asiyejua, halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mtenda maovu asiyejulikana. Huitwa majina ya watu wa vita vya Badr, hufukizwa ubani, huombwa, na aliyetenda hupatwa popote alipo. Kwetu tunahesabu siku arobaini. Asipokiri ndani yake, ni kaburi.

Shekhe Idarusi hakufurahi. Alikaa akichezea tasbihi yake. "Semeni," akasema, "kisomo hiki ni kizito. Kikishatoka hakirudi kwa kuitwa. Subiri, pengine kitu kitaonekana."

"Nimesubiri wiki, Shekhe."

"Na akiwa ni mtu wako?"

Nikacheka. "Mtu wangu nani? Mimi nina Mselem tu."

Alinitazama kidogo, akasema haya.

Ikasomwa Ijumaa. Mikate ya kumimina ya wasomaji niliipika mimi, na ubani niliutoa mimi. Wanawake tulikaa uani kwa jirani wa msikiti, ukuta mmoja, tunasikia kila neno. Wakasoma mpaka koo zikakauka. Mwisho Shekhe akaomba. Aliyetenda jambo hili asipate usingizi. Asitulie. Ulimi wake uwe mzito mpaka akiri. Tukaitikia amina. Yangu ilikuwa juu kuliko zote, mpaka mwenzangu mmoja akanigeukia. Mselem hakuwapo, alikuwa na madaftari yake. Wako waliolitia akilini hilo.

Jumanne yake, kabla ya adhuhuri, teksi ikasimama mlangoni. Akashuka hedimasta wa skuli, Mwalimu Fanueli, Mbondei wa Muheza, mtu mpole. Amemshika Mselem mkono.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ameandika tarehe ubaoni, kisha amesimama. Chaki mkononi. Amesimama mpaka kengele imelia. Watoto wametulia kimya wote, hakuna hata aliyekohoa. Namuuliza, hanijibu. Ulimi hautoki."

Nikahesabu kwa vidole. Jumanne, na halbadiri ni Ijumaa. Nikajiambia, hapana, astaghafirullah, huyu ni Mselem.

Fanueli akampeleka hospitali. Daktari akampima moyo, mapafu, damu, kila kitu. Akasema mtu huyu hana ugonjwa, amechoka. Kichwa kimejaa mpaka hakiingii kitu wala hakitoi. Apumzike miezi sita, asisome wala asiandike. Mselem alipoanza kusema tena, jambo la kwanza alilofanya ni kuandika barua ya kuacha kazi. Fanueli alimsihi aombe likizo tu, akakataa. Vitu vyake vya skuli vikaletwa ndani ya sanduku la chai, nikaliingiza uvunguni.

"Dada," akaniambia, "nimechoka. Nimeacha. Nipumzishe."

Hapo ndipo nilipomcheka. "Umechoka na nini? Chaki ina uzito gani? Waliochoka ni wakata mkonge."

Aligeukia ukuta. Alijilaza kitandani, macho wazi.

Basi mtu wa miaka thelathini na minane, ana miguu, ana mikono, amelala mchana kutwa na hana homa. Mtaa mzima ulishuhudia. Mtu akiwa na homa watu huja na machungwa. Kwake walikuja mikono mitupu, wakakaa, wakamtazama mdomo anaposema. Wakitoka nje wananong'onezana. Bomba la maji nikifika, mazungumzo yanakatika. Muuza kahawa aliyekuwa akitua kila alasiri barazani petu akaanza kupita upande wa pili wa njia, vikombe vyake anavigonga palepale lakini hageuki. Bi mmoja, jina simtaji, akaniuliza kwa sauti ya asali, "Semeni, leo ya ngapi vile?" Alijua. Ilikuwa ya kumi na tisa.

Na mimi nikawa nazihesabu. Mchana namtetea, nagombana na watu, ebo, ndugu yangu si mwizi, mnaijua nyumba yetu! Nikirudi ndani namtazama anavyokonda, namsikiliza anavyopumua. Alikuwa hali chakula. Halali. Hatulii, mara akae, mara asimame mlangoni, mara arudi. Yote tuliyoyaomba, moja baada ya jingine, yalikuwa mbele ya macho yangu. Nilimpa uji, bakuli likarudi limejaa.

Siku ya thelathini na mbili aliniita.

"Dada, ile saa ya baba."

Nikakaa kitako. "Ina nini?"

"Mimi naijua iliko. Nilikuwa naijua. Imefungwa kitambaa cha kijani. Naiona hivi, kitambaa cha kijani, imelazwa kifudifudi. Sijui nimeiona wapi."

Wallahi nilikijua kitambaa hicho. Kitambaa cha kijani kilikuwa cha msikitini, cha kufunikia msahafu, na nacho kilikuwa hakionekani tangu siku ile. Jambo hilo tulilijua watu watatu tu, nyumbani kwa Shekhe.

"Mselem, umeichukua wewe?"

"Sikumbuki kuichukua."

"Lakini unaijua."

"Naijua."

"Basi umeichukua. Kichwa kilikuwa hakiko sawa, umeichukua hujui. Sema, ndugu yangu. Zimebaki siku nane."

Alinitazama muda mrefu. Macho yaleyale aliyokuwa akinitazama nayo alipokuwa mtoto, nikimwonyesha nge nikamwambia usishike. "Kama unasema wewe, Dada," akasema.

Nilikwenda kwa Shekhe Idarusi nikalia. Akaniambia kisomo hakiondoki ila mtu akiri mbele ya waliosoma. Akaniuliza kitu chenyewe kiko wapi, nikamwambia hakumbuki. Shekhe akasema, "Una hakika, Semeni?" Mara ya pili ile ananipa nafasi. Nikasema nina hakika.

Shamsiya alinishika mguu. "Wifi, usimpeleke. Daktari amesema apumzike. Huyu hata ukimwambia ameua atakubali." Nikamwambia wewe unamtaka mume maiti? Nikampigia pasi kanzu mimi mwenyewe, nikamvisha, nikamfunga na vifungo.

Baada ya sala ya Ijumaa alisimama. Mimi niko uani palepale nilipoitikia amina. Nikaisikia sauti yake, haina nguvu lakini imenyooka, sauti ya mwalimu anayesoma majina ya darasa. "Saa nimeichukua mimi. Sikumbuki nilikoipeleka. Nawaomba mniondolee, nipate kulala."

Wakamsomea ya kumwondolea. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akalala. Alilala toka alasiri ile mpaka kesho yake jua limepanda, anakoroma. Nilikaa mlangoni nikilia kwa furaha. Nikamwambia Shamsiya, "Unaona? Unaona sasa?" Maana mtu asiyelala miezi, akikiri akalala, unataka ushahidi gani mwingine?

Wiki ya pili kaka yake Shamsiya, Saud, akafika kutoka Pangani. Hakukaa hata kunywa maji. Alisema dada yake hawezi kukaa na mwizi wa msikiti, akamchukua yeye na Harusi. Mselem alisimama mlangoni akawaaga vizuri, kama wageni. Barazani hapakuja mtu tena na barua. Nani ampe siri yake mwizi? Hakuna wa kumtuma mjini, hakuna wa kumuuliza. Akawa analala, anakula, ananenepa. Akapata mapumziko yake yote aliyoandikiwa na daktari.

Mzee Zubeiri alirudi mfungo nne, amekonda, amekuwa Haji, ana maji ya zamzam na tende. Watu wakaenda kumpokea kwa dufu. Akaingia msikitini kuswali rakaa mbili, akatoa salamu, akainua macho ukutani.

"Ah, saa bado haijaja kwa fundi?"

Wakatazamana. Shekhe Idarusi akamuuliza, "Fundi gani, Haji?"

"Yule Mhindi wa mtaa wa Usagara, mjini. Alfajiri ile mmekwenda zenu, nafunga mlango naiona imesimama. Nikasema niipitishe njiani. Nikaifunga kile kitambaa cha kijani, nikamgongea fundi dukani nikampa, akanipa cheti. Basi limekwisha kuunguruma, nani wa kumwachia? Namwona Mwalimu Mselem anakwenda skuli. Nikampa cheti, nikamwambia wape habari msikitini. Hakuwaambieni?"

Nilipoletewa habari hiyo nilikwenda uvunguni nikavuta lile sanduku la chai. Madaftari sitini na mawili, hayajasahihishwa yote. Nikayapukuta moja moja. Kwenye la ishirini na kitu kikaanguka cheti, karatasi ndogo ya rangi ya waridi, ina namba. Mtu aliyebebeshwa habari za mtaa mzima alikuwa ameiangusha moja tu. Na kile kitambaa alikiona, ndiyo. Mzee Zubeiri alimwonyesha kwa kidole pale mlangoni kwa fundi, saa imelazwa mezani kifudifudi ndani ya kitambaa chake.

Siku ileile saa ikaletwa. Fundi alisema iko tayari tangu wiki ya kwanza, hakutokea wa kuijia. Wakaitundika, kisha wakaja kwangu wote, Shekhe Idarusi mbele, Mzee Zubeiri analia, na hata yule muuza kahawa. Wakamkuta Mselem barazani anakula muhogo.

"Mwalimu," Shekhe akasema, "tumekudhulumu. Tuwie radhi. Hukuiba."

Mselem akatabasamu kwa adabu, akawakaribisha waketi.

"Haji Zubeiri ni mtu mzima," akasema. "Safari ndefu, amechanganya. Niliichukua mimi."

"Cheti hiki hapa!" nikapiga kelele. "Kilikuwa ndani ya daftari!"

Akakipokea, akakigeuza huku na huku. "Kweli, cheti cha fundi. Basi nafikiri nilitaka kuiuza."

Wakamsemesha mpaka magharibi, haikufaa kitu. Akasikiliza kila mmoja mpaka amalize, kisha akasema vilevile. Walipoondoka nilimpigia magoti, mimi niliyemlea, nikamwambia, "Mselem, wewe si mwizi. Nilikosea. Nisikilize."

Akaniwekea mkono begani. "Dada, wewe ndiye uliyeniambia nimeichukua. Hujanidanganya tangu nizaliwe. Na tangu nikiri nalala. Usiniondolee."

Ni mwaka wa tatu sasa. Saud, aliposikia, alimrudisha Shamsiya mpaka mlangoni kwangu, akataka radhi kama muungwana. Mselem akamwambia ahsante, lakini mimi ni mwizi wa msikiti, mchukue dada yako asije akaaibika. Wakarudi Pangani. Fanueli amekuja mara tatu kumwomba arudi darasani, na mara zote tatu amejibiwa kwamba mwizi hasomeshi watoto. Kila Ijumaa huvaa kanzu yake, na baada ya sala husimama akakiri upya. Watu wamekwisha zoea, wanamwacha amalize ndipo wavae viatu.

Akirudi hulala. Kisha usiku hulala tena, fofofo, namsikia chumba cha pili. Saa ya baba inakwenda vizuri, fundi yule anaijua kazi yake, na kutoka msikitini mpaka kitandani kwangu inasikika yote, saa tano, sita, saba, nane, mpaka Mzee Zubeiri anapokohoa kabla ya kuadhini. Tuliomba aliyetenda jambo hili asipate usingizi, nikaitikia kwa nguvu kuliko wote. Sijalala tangu siku ile niliyokiona cheti, na kwa Shekhe Idarusi sijakwenda kukiri.